Jani Lililovunjika

Tunduma, Jumanne jioni

Na bado najicheka. Vichwa vinne vya nguzo, na vyote vimevunjika jani pembe ileile!

Kosa ni langu. Mama Neema wa kule Hasamba alitaka nguzo za baraza lake ziwe na majani juu, siyo mabakuli ya saruji tuliyozoea hapa mjini. Nikapata kwenye simu mchoro wa Mtaliano mmoja wa karne tano zilizopita, aliyechora nguzo za magofu ya Warumi. Nikachonga kalibu mstari kwa mstari, nikamwaga saruji. Sikugundua kwamba jani la kushoto lilikuwa limekatika kwenye jiwe lenyewe, na yule bwana akalichora hivyohivyo.

Leo Mama Neema amekuja kuviona vichwa vyake. Niliogopa kweli, maana akikataa narudia kazi yote. Akapitisha kidole kwenye pengo.

"Fundi, hapa pamekuwaje?"

Nikamweleza ukweli, nikamwonyesha mchoro.

"Kwa hiyo angeweza kulimalizia, akaacha?"

"Aliacha, mama."

Akacheka. "Basi vitatu vizibe. Cha nne kiweke karibu na mlango. Wageni wakiuliza, nina la kuwasimulia."

Vitatu nimeshaziba, kwa saruji laini na kijiko cha chai. Cha nne nimekifuta vumbi tu.

Halafu nikachukua penseli nikichore. Mkono umelimalizia jani wenyewe. Nimefuta mara mbili, na bado unalimalizia.