Ngozi za Kupandia Theluji

Mjukuu wangu Neema,

Hujambo huko milimani? Sisi wa Hyattsville tuko salama. Goti la babu yako limepoa, anafika mwenyewe kituo cha basi. Tunamshukuru Mungu.

Umeuliza ununue ngozi zipi za kufunga chini ya skii, zile mbao ndefu za kutelezea thelujini, ili upande mlima usio na lifti ya kukufikisha juu. Mama yako alicheka, eti Bibi atajuaje? Hajui kwamba nilipokuwa nasomea uuguzi Chekoslovakia nilipanda na Jana, mwenzangu wa chumbani.

Manyoya ya ngozi hizo hulalia nyuma: ukienda mbele yanateleza, ukitaka kurudi yanashika. Zangu zilikuwa za kuazima, nyembamba kuliko skii, hazikushika. Penye mwinuko mkali nikaanza kuserereka kuelekea korongoni, nikajiangusha ubavu. Jana aligeuka, akanishukia, akafungua ngozi zake na kunifungia mimi.

"Na wewe je?" nikamuuliza.

"Nina miguu," akajibu. Akabeba skii zake begani, akapanda theluji ikimfika magotini mpaka juu.

Basi chukua zenye manyoya ya nailoni, hushika vizuri kwa anayeanza. Zikatwe kwa upana wa skii zako, kingo za chuma tu zibaki wazi.

Unasema utakwenda na wenzako wawili. Watazame kwanza wanapotangulia njiani, kama huwa wanageuka kukuangalia. Mimi nimekuwa bibi yako kwa sababu Jana aligeuka.

Nakuombea kila siku,
Bibi Eliwaza