Video ya Golikipa Wetu

Kaka yangu mpendwa,

Huku hatujambo. Paa la jikoni limezibwa, na mwanangu mdogo ameota meno mawili.

Binti yako alirudi mazoezini jana. Hukujua kwamba aliacha. Baada ya fainali, watu waliikata video ya lile bao alilofungwa, wakaisambaza mitandaoni kwa matusi yasiyosemeka. Akasusa chakula, akaniambia, "Shangazi, glavu zangu mpe mtu mwingine."

Kocha wake alikuja, akaketi naye sebuleni. Hakumwambia apuuze. Walisoma matusi yote pamoja, wakayahifadhi kama ushahidi, kisha wakawaripoti walioyaandika na kuwazuia mmoja mmoja.

Jina moja liliwashinda. Ni lako, kaka. Uliituma ile video kwenye kundi la familia, ukaandika, "Golikipa wa kudaka upepo." Najua ulitania, lakini mzaha mzaha hutunga usaha. Mtoto akauliza, "Na baba nimzuie?"

Hakukuzuia. Mpigie leo, na kabla ya habari za mpira, mwombe radhi.

Ni mimi dada yako,
ninayekupenda.