Kitabu Chako Hakina Jini

Kuze, Mombasa
3 Julai 2025

Mpendwa ndugu yangu Riyadh,

Assalaam alaykum. Nimepoteza siku kumi na moja, tangu tarehe 22 Juni hadi jana, kwa kitabu ulichonitumia. Nitakueleza, lakini kwanza, u mzima? Mkeo Fairuz na mwanao Jaffar hawajambo? Sisi huku tunashukuru, ila mama.

Uliniandikia nisikisome peke yangu, nitaota majinamizi. Basi nikasoma, nikimngoja jini. Kurasa 412! Nyumba kuukuu ipo, ngazi zinalia, bibi wa nguo nyeusi yumo chumba cha juu, na kijiji kizima kinamwogopa. Mimi sielewi wanaogopa nini. Mume kafa, mke kakaa ndani: hiyo si eda?

Nawe wanijua, tangu nilipoanza na karai moja la mihogo pale ufukweni Mama Ngina sijaacha kuhesabu. Nikamhesabia. Miezi minne na siku kumi zake zilitimia ukurasa wa 187. Hakutoka. Ukurasa wa 300, bado. Kitabu kikaisha yumo mumo humo, na jini sikumwona.

Nilimsimulia mama. Akaniuliza, "Kwani hana mashoga? Hata wa kumpelekea uji?"

Nikamwambia hana.

"Masikini," akasema, akageukia ukutani.

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Baba alifariki tarehe 9 Januari, na eda ya mama ilikwisha 17 Mei. Leo ni siku ya 47 hajashuka ngazi. Mashoga zake wamekuja mara tatu na udi wao kumtoa edani, wakarudi nao. Nikimwambia eda imekwisha, hunijibu, "Imekwisha kwenu. Mwanangu hajaja kunipa mkono wa taazia."

Sasa sijui. Ulikisoma kabla ya kunitumia, au uliona jalada tu? Kama ulikisoma, ulikuwa ukinitania au ukiniomba radhi kwa kutokuja? Nimekigeuza mbele na nyuma, sipati.

Barua hii anakuletea jirani yetu Bi Tumu, anayesafiri Jumapili kwenda kwa bintiye huko Birmingham. Nisalimie Fairuz, umbusu Jaffar. Mungu awafunike kwa rehema zake.

Lakini usinitumie kitabu kingine. Nipigie Ijumaa ya tarehe 11, kabla ya adhuhuri, unipe neno moja nimpandishie mama juu: waja, au huji?

Ni dada yako, nikupendaye hata nikinuna,
Fadhiya