Mkanda Wangu na Ndoo ya Maji

Ijumaa jioni, Ukunda. Joto la kunata, upepo hakuna.

Shajara, leo kamera yangu imeanguka.

Haikuvunjika. Nimeiwasha na kuizima mara nyingi mpaka nikaona haya mwenyewe. Inafanya kazi. Mimi ndiye nisiyefanya kazi vizuri, na kesho ndiyo siku yenyewe: kupamba kwa Mwanaidi, huko Msambweni.

Kwa asiyeijua kupamba yetu, ni shughuli ya wanawake watupu. Bibi harusi huketi mbele amepambwa, mabuibui yamevuliwa, nywele ziko wazi, na mwanamume hapiti hata karibu na mlango. Simu zote hukusanywa kapuni pale mlangoni, picha zisije zikazagaa nje. Kamera inayoruhusiwa kuingia ni moja tu, nayo ni yangu. Ikianguka kesho, hakuna atakayebaki na picha hata moja. Zuhura, dada yake Mwanaidi, yuko kazini Uarabuni na amenyimwa ruhusa ya kuja. Yeye ataiona harusi ya mdogo wake kwa picha zangu, au hataiona kabisa.

Hilo ndilo ninaloliogopa.

Leo asubuhi ilikuwa hina. Mwanaidi aliketi godoroni, mikono na miguu imejaa maua mabichi, nami nilikuwa nimeinama nikimpangia leso. Kamera niliiachia ining'inie shingoni kwa mkanda wake, kama siku zote, kwa sababu mpiga picha wa kike huku kwetu ndiye pia mnyoosha shela na mfuta jasho la bibi harusi. Ghafla nikahisi shingo imekuwa nyepesi. Mkanda ulikuwa umeachia pale kwenye mshono. Mwanaidi hakuweza kutumia mikono, basi akaidaka kamera kwa magoti. Ua moja la mguuni likachafuka.

"Da Rehema," akaniambia polepole, mama yake asisikie, "kesho usije ukaniangushia kitu hicho kichwani."

Akacheka. Nami nikacheka, kwa woga. Sikumwambia kwamba huo ni mkanda wa tatu tangu Ramadhani.

Nimeshalaumu kila kitu. Jasho, chumvi ya pwani, wenye maduka wanaotuuzia takataka. Mikanda yangu yote ya ngozi bandia huenda njia moja: inakauka, inabambuka magamba, kisha uzi unaachia. Safari hii nilichagua mnene zaidi, nao ukafa vilevile.

Nilipofika nyumbani nikampa mama auone. Mama hakuutazama, aliunusa. Akaniuliza mbona unanukia udi.

Nikamweleza. Kila baada ya shughuli huutandaza mkanda juu ya chetezo cha makaa na udi, uingie moshi vizuri. Utaingiaje kwenye chumba cha wanawake waliojifukiza mpaka nyayo, nawe shingoni una mkanda unaonuka jasho la harusi ya juzi? Watakusema mpaka kwenu.

"Huo ni mpira, mwanangu, si kanzu ya Ijumaa," mama akasema. "Umekuwa ukiuchoma kidogo kidogo."

Alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikuweza. Nilidhani kuijua sababu kungenituliza, kumbe kumenizidishia hofu. Kama nimekuwa nikiuua mkanda kwa mikono yangu, tena kwa unadhifu, ni kitu gani kingine ninachokiharibu huku nikijisifu?

Alasiri nikaenda kwa fundi wa viti vya pikipiki karibu na stendi, mtu wa bara asiyependa maneno mengi. Akakata utepe mgumu wa mabegi ya shule, akaushona kwa uzi ule ule wa viti, akarudia mshono juu ya mshono, kisha akaukanyaga na kuuvuta kwa nguvu zake zote.

"Hii haitoki, sista."

Nimemshukuru. Lakini hata aliyeniuzia mkanda wa kwanza alisema hivyo.

Basi nimeufunga mkanda huo mpya kwenye boriti ya barazani, nikatundika ndoo ya maji, nzito kuliko kamera yangu kwa mbali sana. Mama alipotoka kuswali magharibi aliitazama ndoo, akanitazama mimi, akauliza kama kamera siku hizi inakunywa maji.

Naandika haya sikio likiwa nje. Jirani akifunga mlango, moyo unaruka. Ndoo nitaiacha ilale hapo hapo. Nikiikuta chini alfajiri, kamera nitaishika mkononi shughuli nzima, na shela atainyoosha mtu mwingine. Nikiikuta juu, nitauvaa mkanda huo, na sitaufukiza. Unuke unavyotaka.

Mpaka sasa sijasikia kitu.

Ila nimegundua jambo hivi punde. Naandika kwa simu, kwa kidole gumba kimoja cha mkono wa kulia, na nilikuwa nikijiuliza kwa nini nachelewa hivi. Mkono wa kushoto umeishika kamera tangu nilipoanza. Nimeketi sakafuni, kamera iko mapajani, haina pa kuangukia. Nimejaribu kuiachia, vidole vimekataa.

Kesho Mwanaidi akitaka kunyooshewa shela, vitakubali?