Anwani ya Duka la Mdogo Wako

Baba Rehema, mume wangu,

Salamu zikufikie huko uliko, kusikofika posta. Nina neno nawe, na hapa nyumbani sina wa kumwambia.

Unakumbuka siku tulipomwombea Rehema nafasi ya sekondari? Tulikaa kitandani, simu mkononi mwako, fomu ya ofisi ya elimu ya wilaya ikauliza tunaishi wapi. Tunaishi Joubert Park, katikati ya jiji, ghorofa ya sita, lifti mbovu. Wewe ukaandika anwani ya spaza, kile kiduka cha mdogo wako, kule Soweto. Nikakwambia, "Wanauliza tunapolala, Baba Rehema." Ukacheka. "Barua hupelekwa kwa mtu anayejulikana. Hapa jengoni zinapotea." Mtu wa Tanga hasa wewe. Kwenu mtaa mzima ulipokea barua kwa sanduku la posta la mwenye duka, na zote zilifika. Sikubishana. Ukishika jambo lako, nani akutoe?

Ulifariki kabla jibu halijaja. Lilikuja wiki ya arobaini yako. Kumbe wilaya humpeleka mtoto shule iliyo karibu na anwani, basi Rehema akapewa Soweto. Nilikukasirikia, mume wangu, huku nawapakulia watu pilau ya kisomo chako. Nikaenda kulalamika, wakaniambia nisubiri. Shule zilipofunguliwa akahamia kwa ba'mdogo wake; anakuja Ijumaa, Jumapili anaondoka.

Tangu hapo sijaacha kuwafuata watu wa ofisi ya elimu. Katikati ya wiki nashona nguo za watu, redio iko wazi ili nisikie sauti ya mtu. Nasonga ugali wa mtu mmoja na bado unabaki. Upweke unauma, Baba Rehema, wala sitanii.

Wiki iliyopita wakanipigia: nafasi imepatikana Kensington, basi moja tu kutoka hapa. Nikampigia Rehema mbio mbio. Akasema, "Mama, huku niko sharp, niko sawa kabisa. Nina mashoga zangu, na ba'mdogo ananisaidia hesabu. Usinihamishe, tafadhali." Aliyasema hayo kwa Kiswahili, yeye ambaye kila siku hunijibu kwa Kiingereza. Nikajua hatanii.

Jumatatu nilikwenda ofisini kuikataa ile nafasi. Dada wa mezani alinitazama mara mbili, maana watu wanaigombania. "Una hakika, mama?" Nikamwambia mtoto ametulia alipo. Akasema basi atarekebisha kumbukumbu, Rehema aandikwe kwa baba yake mdogo.

"Na pale Joubert Park wanaishi akina nani?"

"Mimi," nikasema.

Akasubiri niendelee, vidole juu ya kibodi. Sikuwa na jina la pili la kumpa.

Lala salama, mume wangu. Hasira zimekwisha, kukukumbuka ndiko bado.

Mkeo,
Mama Rehema