Divai Waliyoitema Wenyewe

Kamwene, mdogo wangu Elia.

Mguu wako unaendeleaje? Nyanya zimepona hiyo mvua, au umeziacha zioze tena? Mimi mpaka naandika hapa ni mzima, lakini usishangilie mapema. Natumia kalamu kwa sababu nikipiga simu Neema anasikia, na habari yenyewe ni yake. Mama mmoja wa Makambako anarudi nyumbani, nimempa barua akuletee mkononi.

Elia, naogopa. Uzee huu wote sijaogopa hivi.

Jana hao wanaotaka kumwoa mjukuu wetu Neema walituita kwao tuonje divai nyekundu. Huku kwa Wazungu, Burgundi, divai ndiyo kilimo, kama wewe na nyanya zako. Baba yake Antoni, huyo mchumba, akatushusha ngazi mpaka chini ya nyumba. Baridi kama kaburini, mapipa yamelala safu kwa safu. Divai zote za shamba lake mwenyewe, ila kila pipa na kipande chake: hili la kilimani, hili la bondeni, hili la jirani na kanisa. Na zote changa, za mavuno yaliyopita. Akachota, akanipa mimi kwanza.

Mimi kwanza. Wewe unajua kwetu mwenye nyumba ndiye anaanza kunywa, anatoa sumu, uone ni salama, ndipo mgeni anapokea. Nikasema labda wanaheshimu mvi, nikameza. Kali, Elia. Inakausha ulimi kama umetafuna ndizi mbichi. Ulanzi wetu wa mianzi ukiwa mchanga ndio mtamu, hata mtoto anapewa. Huku changa ndiyo inakukaba. Nikameza ya kilimani, nikameza ya bondeni, nikameza na ya kanisani, nisije nikaitwa mshamba.

Ndipo nikageuka. Yule mzee kajaza mdomo, kasukutua kama anapiga mswaki, katema kwenye ndoo. Mkewe katema. Antoni katema.

Nikamwuliza Neema kwa Kihehe, taratibu, kwa nini mwenye nyumba anatema alichonipa mimi ninywe. Hana adabu mtoto huyu, alicheka. Akasema ndivyo wanavyoonja, wakimeza ya kila pipa watalewa. Halafu naye akachukua glasi, akatema. Mchirizi mmoja, bila kudondosha tone, kama aliyezaliwa humo. Hapo ndipo nilipoogopa kuliko yote. Hata divai ya meza ya Bwana sisi tunameza.

Nikamwambia, "Waambie mahari wakae nayo. Sitoi mtoto kwa watu wanaotema wanachokupa."

Neema akalia, lakini akawaambia. Yule mzee akawa mwekundu kama divai yake. Akaichukua glasi yangu na masazo yangu, akanywa yote, nikaona koo linapanda na kushuka. Kisha akafungua mdomo nichungulie, kama mtoto aliyemeza dawa. Sikucheka. Yeye kameza moja, mimi tatu.

Mpaka sasa tumbo linaunguruma. Nimekunywa vidonge vya presha, na bado moyo unadunda. Labda ni ule ukali tu. Lakini mimi nitarudi nyumbani, au nitafia huku, basi. Neema ndiye atabaki. Mama yake hayupo, ana mimi na wewe tu. Akiwekewa kitu mbele yake, nani atamwonjea kwanza?

Bado wanakuja huko wakati wa ulanzi, na jembe la posa. Usiwanunulie soda. Gema, ulaze mpaka uwe mkangafu, ule mkali kabisa. Kunywa wewe kwanza, wakuone. Kisha mpe Antoni kikombe kizima. Akimeza, pokea jembe. Akitema, mrudishie, na mimi nitamrudisha Neema nyumbani hata kwa miguu.

Msalimie mkeo, mwambie kuku niliowaacha bado ni wangu. Msalimie wifi wa Idodi, na mwinjilisti wetu aniombee hili tumbo.

Ni mimi dada yako, niliyekubeba mgongoni ukiwa unanuka mikojo,
Bibi yake Neema.

Ndoo usisahau. Iweke karibu yake kabisa, asije akasema alimeza kwa kukosa pa kutemea.