Vipande Nilivyoviweka Kando

Wifi yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu kabla sijabadili mawazo nikaichana karatasi hii, maana ya kwanza na ya pili nimeshazichana. Hujambo? Mume wako, yaani kaka yangu, hajambo? Bado anakoroma? Nilikuonya kabla ya harusi ukadhani namwonea. Mimi mwili ni mzima, ila roho haitulii. Nakuandikia nimesimama kwenye meza ya jikoni. Kila nikikaa nainuka tena.

Kaka aliniambia kwenye simu kwamba siku hizi unafundisha watoto hesabu, na ukiulizwa habari za utafiti wako unasema ilikuwa ndoto tu. Tangu siku hiyo sijala nikashiba.

Maabara iko vile vile. Profesa bado anavaa vile viatu vinavyolia. Mimi bado nakata ubongo wa panya vipande vyembamba kuliko karatasi, natia rangi, nahesabu seli kwenye hadubini. Wenzangu bado wananiita Fundi Wembe, jina nililolipenda kupita kiasi.

Unakumbuka ulivyonieleza kazi yako, tumejibanza chumba cha jokofu tukila mkate kwa siri? Ulisema nyuzi za neva huvishwa utando wa mafuta, myelini, ili ujumbe upite haraka. Seli za kuuvisha utando huo huzaliwa nyingi kupita mahitaji, hata pale ambapo nyuzi zinatakiwa zibaki wazi, kisha nyingi hufa zikiwa changa, kwa amri iliyomo ndani yao wenyewe. Nikakuuliza hasara yote hiyo ya nini. Ukasema si hasara, ndiyo inayoamua myelini iwe wapi na ianze lini. Nikasema basi hao ni mafundi rangi waliotumwa nyumba isiyo yao, bora waondoke kabla hawajafungua kopo. Ulicheka hadi ukapaliwa.

Vipande vyako vichache vilionyesha seli zilizokufa tele. Profesa akataka hesabu kubwa, ya miezi minane, akanipa mimi kwa sababu tasnifu si yangu. Nikahesabu, nisione karibu kitu. Kikao cha watahini kikaamua kwamba madoa uliyoyaona ni majeraha ya kisu chako, tasnifu ikakataliwa. Ulilia chooni, mimi nimeshika mlango.

Sasa nisikilize, wifi. Mzee aliyenifundisha kazi aliniambia siku ya kwanza kwamba kipande chenye madoa ya seli zilizokufa kimeharibiwa na kisu: weka kando, kata kingine. Nimefanya hivyo miaka kumi na mmoja bila kufikiri. Kwa hiyo miezi yote ile nilikuwa nachagua visafi kwanza, ndipo nahesabu. Niliwaondoa wafu, halafu nikatangaza kwamba hakuna aliyekufa.

Miezi miwili iliyopita tulipata mashine mpya, yenye kisu kipya. Madoa yakatokea tena, katika tabaka lile lile la ubongo ulilolitaja wewe. Siku hiyo hiyo, kwa kisu hicho hicho, nikakata ubongo wa panya ambao seli zao zimeondolewa ile amri ya kufa. Madoa hakuna, lakini myelini imejitandaza mahali isipotakiwa, kama ulivyosema. Nilitoka nje nikazunguka jengo mara tatu. Mlinzi akaniuliza nimepoteza nini, nikamjibu funguo.

Natamani niishie hapo, uniite mjinga tu. Lakini siku ya kikao Profesa aliniuliza mbele ya wote kama kuna vipande nilivyoviacha, nikasema hakuna hata kimoja. Vilikuwa mia mbili na kumi na viwili. Maana yake sikuijua, ila idadi niliijua, na niliona aibu wakubwa wale wasikie kwamba Fundi Wembe anaharibu kimoja katika kila vitatu. Nawe, ulipoulizwa kama unaitilia shaka hesabu yangu, ulijibu kwamba wifi yako hajawahi kukudanganya. Hata nilipoujua ukweli nilinyamaza miezi miwili. Niliogopa kufukuzwa, na nilimwogopa kaka zaidi.

Leo asubuhi nimemweleza Profesa kila kitu. Alivua miwani, akauliza vile vipande viko wapi. Bahati nzuri kanuni inataka vilivyokataliwa vikae kwenye jokofu mwaka mzima baada ya kikao. Tulivitazama pamoja, tulipofika cha thelathini akasema imetosha, nimwandikie mwenyekiti wa kikao. Nimeandika na kutia sahihi, nakala imo katika bahasha hii. Mimi nimesimamishwa kazi, na simlaumu.

Faili lako linafunguliwa upya Jumatatu, saa nne asubuhi. Njoo, hata kama hutaki kuniona. Nitasema mbele ya watu wale wale niliowaongopea. Kaka sijamwambia, hilo nakuachia wewe.

Mama mkwe wako ukimwona mwambie nitampigia, na watoto wako wa hesabu nisalimie wote. Jumatatu wakiniuliza maswali makali, nakuomba kitu kimoja tu: usinitetee.

Ni mimi, wifi yako, kama bado unanitaka.